Kujinadi Pasi na Kujisifu: Binti wa Nandi Mlangoni pa Tiba ya Wanyama

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali iliyowalea watoto wengi wa Afrika Mashariki, nayo imejikita nyoyoni mwao hata wakawa watu wazima wanaoona haya kutaja mema yao wenyewe. Anayejisifu mbele ya wageni hukemewa papo hapo; sifa husubiriwa zitoke kinywani mwa mwingine. Ajabu ni kwamba ulimwengu wa elimu ya juu, hususan ule wa ng'ambo, umeipindua methali hii juu chini. Huko, kizuri kisichojitembeza hubaki rafuni kikiliwa na vumbi. Binti anayezungumziwa hapa ni mzaliwa wa Nandi na mkazi wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, naye alilazimika kujifunza kujitembeza ili apate nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo. Jina lake halitajwi, kwa sababu ombi lake lingali mikononi mwa waamuzi.

Yafaa msomaji aelewe kwanza tofauti iliyopo kati ya mifumo miwili. Nchini Kenya, mwanafunzi aliyefaulu vyema katika mtihani wa kidato cha nne huingia moja kwa moja katika shahada ya tiba ya mifugo, mathalani pale Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baada ya miaka mitano huhitimu. Hakuna anayemuuliza kwa nini anawataka ng'ombe badala ya binadamu. Alama zake zimekwisha kusema. Marekani mambo si hivyo. Huko mtu husoma kwanza masomo ya shahada ya kwanza kwa miaka mitatu au minne, kisha ndipo hushindania nafasi ya kuanza miaka minne mingine ya udaktari wenyewe. Vyuo vya tiba ya wanyama vilivyoidhinishwa ni zaidi ya 30 tu katika nchi hiyo kubwa, na karibu vyote hupokea maombi kupitia huduma moja ya pamoja iitwayo VMCAS. Vile vya majimbo huwatengea wakazi wa jimbo nafasi nyingi. Binti huyu alikuwa na bahati moja katika hilo: mama yake alishinda viza ya bahati nasibu, wakahamia Minnesota binti akiwa na umri wa miaka kumi na minne, na kwa hiyo chuo cha St. Paul, kilichoanzishwa mwaka 1947, kinamhesabu kuwa mwenyeji.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mwombaji halazimiki kusomea sayansi ya wanyama katika shahada yake ya kwanza. Angeweza kusoma historia, muziki, au hata Kiswahili, mradi tu amekamilisha orodha ya kozi zinazotakiwa: biolojia, kemia, kemia ya kaboni, baiokemia, fizikia, takwimu, na katika vyuo vingine jenetiki na mikrobiolojia. Orodha zenyewe hazifanani. Kozi inayotakikana katika jimbo hili huenda isitajwe kabisa katika jimbo jirani, na mwanafunzi anayegundua hilo katika mwaka wa mwisho huwa amechelewa. Binti huyu alichora jedwali kwenye karatasi kubwa tangu mwaka wa kwanza, vyuo upande mmoja na kozi upande wa pili, akalibandika ukutani juu ya kitanda chake. Miaka miwili ya kwanza aliisoma katika chuo cha jamii kilicho karibu na nyumbani, kwa sababu ya karo. Kisha akahamia chuo kikuu.

Hapo ndipo kemia ya kaboni ilipomwangusha. Alipata C. Ikumbukwe kwamba katika mashindano haya wengi huja na A tupu, na kwamba vyuo hukokotoa wastani wa alama kwa njia kadhaa: wastani wa kozi zote, wastani wa sayansi pekee, wastani wa kozi za karibuni. Alama moja mbaya haifukuzi mtu, lakini hufuatana naye kama kivuli. Muhula ule alikuwa akifanya kazi usiku katika makao ya wazee, mahali pale pale alipofanya kazi mama yake, kisha akienda darasani saa mbili asubuhi macho yakiwa mazito. Alishauriwa kuirudia kozi hiyo ili asafishe jina. Hakuirudia. Alipiga moyo konde, akajisajili katika baiokemia, ambayo ni ngumu zaidi na imejengwa juu ya kozi ile ile iliyomshinda, akapunguza zamu za usiku na kuishi kwa wali na maharagwe hadi muhula ukaisha. Alipata A. Uamuzi huo ulikuwa wa hatari, na lau ungekwenda kombo pengine hadithi hii isingekuwapo. Hata hivyo, una hoja ndani yake: anayesoma rekodi ile haoni mtu aliyefuta kosa, bali anaona mtu aliyelivuka.

Baada ya alama huja saa. Fomu ya maombi humtaka mwombaji aorodheshe saa alizotumia na wanyama, nayo huzigawa katika mafungu. Fungu la kwanza ni la saa alizofanya kazi chini ya daktari wa wanyama, iwe kliniki, shambani au kwingineko. La pili ni la saa alizokaa na wanyama pasipo daktari: kulisha, kukamua, kufuga, kuhudumu katika makao ya mbwa na paka waliotelekezwa. Utafiti una fungu lake peke yake. Baadhi ya vyuo havitaji idadi ya saa, vingine huweka kiwango, lakini washindani wenyewe hufika na mamia kwa maelfu, na vyuo vingi hupenda kuona aina mbalimbali za kazi, si kliniki moja ya paka kwa miaka minne.

Hapa lugha nayo ina lake la kusema. Kiswahili humwita mtaalamu huyu daktari wa mifugo, na mfugo ni mnyama afugwaye kwa faida: maziwa, nyama, mayai, kulima. Neno hilo limebeba ndani yake uchumi mzima wa boma. Katika kliniki ya kitongojini ambamo binti huyu alijitolea kila Jumamosi, aliwakuta kasuku, sungura, mbwa wenye kisukari waliodungwa sindano mara mbili kwa siku, na mara moja nyoka aliyeletwa ndani ya foronya. Alipomsimulia nyanya yake habari hizo kwa simu, alikwama. Angesema yeye ni msaidizi wa daktari wa mifugo, nyanya angeuliza kuna ng'ombe wangapi. Akasema daktari wa wanyama. Nyanya akanyamaza kidogo, kisha akauliza iwapo huko kuna simba.

Kliniki ilimpa saa zipatazo mia nne. Majira ya joto yaliyofuata alipata nafasi ya kufuatana na daktari wa ng'ombe wa maziwa, mama mmoja wa makamo aliyezunguka mashambani kwa gari lililojaa dawa na mabuti. Huyo ndiye aliyemfunza kupima mimba ya ng'ombe kwa mkono, kusikiliza tumbo kwa stetoskopu, na kukitambua kiwele chenye ugonjwa kabla maziwa hayajaganda. Kazi ile ilimfaa kuliko zote. Wafanyakazi wengine walimwogopa fahali. Yeye alijua pa kusimama.

Alijua kwa sababu alichunga. Tangu umri wa miaka minane hadi siku ya kuondoka Kenya, kila likizo aliiishi kwa nyanya yake, akiwatoa ng'ombe alfajiri na kuwarejesha jioni, akiwapeleka kwenye josho siku ya kuogesha, akishika kamba wakati daktari wa wilaya alipokuja kumsaidia mtamba aliyeshindwa kuzaa. Sasa fomu ilimuuliza: saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi, tangu lini hadi lini, na msimamizi wako ni nani? Nani aliwahi kuhesabu saa za mchungaji? Machungani saa hupimwa kwa urefu wa kivuli.

Alikaa na swali hilo kwa muda mrefu. Kwanza alihesabu kama mambo yalivyokuwa: tangu kuche hadi kuchwe, saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki kumi na mbili za likizo kwa mwaka, miaka sita. Akapata saa 5,184. Aliitazama idadi hiyo akaogopa. Ilikuwa kweli, lakini ilifanana na uongo. Wenzake waliokulia mijini walikuwa na saa mia saba, mia tisa, kila moja imetiwa saini. Isitoshe, si kila saa ya machungani ni saa ya kazi. Nyingine mtoto huchezea udongo na kulala chini ya mti. Akahesabu upya, akiziacha tu zile saa ambazo angeweza kuzieleza mbele ya mtu yeyote: kukamua, kuogesha, kutafuta kupe masikioni, kunyweshea dawa, kukaa na mgonjwa. Saa thelathini kwa wiki. Jumla ikawa 2,160. Aliziweka katika fungu la pili, kwa vile hapakuwa na daktari wa kila siku, na katika nafasi ya msimamizi akaandika jina la nyanya yake na nambari ya simu yake yenye tarakimu za Kenya.

Kuna watakaosema kwamba alijipunja. Wapo pia watakaosema alithubutu mno kumweka mwanamke asiyejua kusoma katika safu moja na madaktari. Ukweli ni kwamba fomu haikuuliza iwapo msimamizi amesoma. Iliuliza nani alikuwa akikuona ukifanya kazi.

Barua za mapendekezo zilikuwa tatu, kiasi cha chini kinachotakiwa. Mwombaji huombwa aache haki yake ya kuzisoma, ili mwandishi awe huru, naye akaiacha. Daktari wa ng'ombe aliandika moja, mhadhiri wa baiokemia nyingine. Ya tatu ilikuwa na shida zaidi. Alimwendea mhadhiri mmoja aliyekuwa na jina kubwa, ambaye darasa lake lilikuwa na wanafunzi mia mbili na ushei, naye akamjibu kwa uungwana kwamba angeweza kuandika barua, lakini isingekuwa na mengi ndani yake. Jibu hilo lilikuwa zawadi ijapokuwa halikuonekana hivyo siku ile. Barua ya mtu mashuhuri asiyekujua ni kama ngoma kubwa isiyo na mpigaji. Akamgeukia daktari kijana wa ile kliniki ya Jumamosi, aliyemwona akisafisha vizimba kwa mwaka mzima bila kunung'unika, na ambaye siku moja alimkuta amekaa sakafuni na mbwa mzee aliyekuwa akisubiri sindano ya mwisho, kwa kuwa mwenyewe alishindwa kuingia.

Kisha likaja tamko binafsi, insha fupi ambamo mwombaji hujieleza. Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapopaswa kutega sikio, kwani huu ni utanzu kamili wenye kanuni zake, na aghalabu huandikwa na watu ambao hawajui kwamba wanatunga. Rasimu ya kwanza ya binti huyu ilianza kwa kusema kwamba amewapenda wanyama tangu utotoni. Daktari wa ng'ombe aliisoma wakiwa garini, akairudisha, akasema kwamba hakuna hata mwombaji mmoja aliyewahi kuandika kinyume cha hayo. Rasimu ya pili ilikuwa ya heshima mno. Kila jema alilolitenda lilifichwa nyuma ya kauli ya kutendwa: ng'ombe walihudumiwa, vipimo vilichukuliwa, ndama aliokolewa. Na nani? Mwenyewe hakuonekana. Methali ya wahenga ilikuwa imeingia hadi kwenye sarufi.

Na bado fasihi simulizi ya Kiafrika ina utanzu mzima wa kujisifu, nao si wa watu wenye majivuno. Ni majigambo. Mwenye kujigamba, awe amerudi vitani, windoni au jandoni, husimama mbele ya watu wanaomjua akataja matendo yake kwa nafsi ya kwanza. Kinachoyafanya majigambo yasiwe ujisifu mtupu ni mambo mawili. Kwanza, hayataji sifa bali tendo: hasemi mimi ni jasiri, husema niliwapita wapi na nikarudi na nini. Pili, hadhira ilikuwapo, nayo inaweza kumkanusha. Anayejigamba hujiweka hatarini. Kwa kipimo hicho, tamko binafsi liko karibu zaidi na majigambo kuliko na barua ya kuomba kazi ambayo wanafunzi wa shule za upili hufunzwa, na pengine ingekuwa heri nao wangefunzwa hivyo.

Binti huyu hakuwa amesoma nadharia hiyo. Alichokuwa nacho ni swali la yule daktari, aliyemuuliza siku moja wakinawa mabuti: kati ya ng'ombe wote wa nyanya yako, yupi unayemkumbuka? Akamkumbuka mtamba mwekundu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mtamba aliacha kula, naye, akimpapasa kutafuta kupe, alikuta tezi iliyovimba chini ya sikio, ngumu kama kokwa la parachichi. Alimwambia nyanya. Nyanya alijua, alisema ni ndigana. Siku chache baadaye mnyama alikuwa akihema kwa shida, povu likimtoka puani, na akafa kabla ya dawa kupatikana. Miaka mingi baadaye, katika darasa la vimelea huko Minnesota, picha ilitokea ukutani ya kijidudu kiitwacho Theileria parva, kienezwacho na kupe wa kahawia wa masikioni, na mhadhiri akaeleza kwa nini ni tezi ya chini ya sikio inayovimba kwanza: kupe huuma sikioni, na tezi hiyo ndiyo iliyo karibu. Darasani hakuna mwingine aliyewahi kuigusa. Nchini Marekani ugonjwa huo haupo.

Hicho ndicho alichoandika. Aliandika kwamba vidole vyake viliijua dalili miaka kumi kabla kichwa hakijajua sababu, na kwamba anataka kusomea umbali uliopo kati ya vidole na kichwa. Alitaka pia kutia habari za sotoka, jinsi Walter Plowright alivyoitengeneza chanjo yake pale Muguga, Kenya, na jinsi ugonjwa huo ulivyotangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, wa pili tu kutokomezwa na binadamu baada ya ndui. Aya hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote kwa ufasaha. Akaifuta. Ilikuwa sifa ya Muguga, si yake, na nafasi ilikuwa finyu.

Mama yake hakufurahia safari hii. Alikuwa amemchagulia uuguzi, kazi ya miaka minne yenye mshahara uliohakikishwa, na hoja zake hazikuwa za kupuuzwa. Gharama ya miaka minne ya tiba ya wanyama inaweza kupita dola 200,000, na sheria ya mwaka 2025 iliweka kikomo cha kiasi hicho hicho kwa mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi wa taaluma za namna hii, kuanzia Julai 2026. "Mwanangu, tulivuka bahari yote hii ili urudi zizini?" alimuuliza usiku mmoja akivua viatu vya zamu. Binti hakujibu. Wiki mbili baadaye mama alileta bahasha yenye pesa za ada ya maombi, akaiweka juu ya meza bila neno, akaenda kulala. Pesa zilitosha vyuo vitatu.

Aliomba St. Paul, na Iowa State, ambacho tangu mwaka 1879 ndicho chuo kikongwe zaidi cha umma cha tiba ya wanyama nchini humo. Cha tatu kilikuwa Tuskegee, Alabama. Skuli hiyo ilifunguliwa mwaka 1945 chini ya uongozi wa Frederick Douglass Patterson, mwenyewe daktari wa wanyama, wakati ambapo milango mingi ilikuwa imefungwa kwa Weusi, na imewafunza wengi wa madaktari Weusi wa wanyama wa Marekani. Fomu aliituma siku nne kabla ya makataa ya katikati ya Septemba.

Jioni hiyo alimpigia nyanya kumweleza kwamba jina lake limo katika karatasi za chuo kikuu. "Watanipigia?" nyanya aliuliza. "Huenda, nyanya." Akataka kujua watazungumza lugha gani, kisha akasema hata hivyo wapige asubuhi, kabla hajaenda kukamua.

Mwezi wa Desemba chuo kimoja kilimwandikia kwamba hakina nafasi. Kingine kilimwita kwenye mahojiano, ambako alipitishwa chumba kwa chumba, kila kimoja na mwamuzi wake na swali lake, dakika chache kila mahali, na katika chumba cha nne akaulizwa angefanya nini iwapo mteja hana pesa za kumtibu mnyama. Alijibu kwa kuuliza mnyama huyo ni wa nini kwa mwenyewe. Mwamuzi aliandika kitu, hakutabasamu. Chuo cha tatu hakijajibu. Hadi makala haya yanakamilika, tarehe 15 Aprili, siku ambayo waliokubaliwa hutakiwa kutoa kauli yao, haijafika, naye binti amerudi kwenye zamu za Jumamosi kusafisha vizimba.